Tumbo Langu na Kibuyu cha Mwaitu

Bwana asifiwe, wapendwa! Asifiwe na ninyi mliokaa mbele karibu na madhabahu, na asifiwe sana na wewe uliyekaa kule nyuma kabisa, pale mlangoni. Wewe nakujua. Watu wanafikiri unakaa hapo kwa sababu umechelewa, au kwa sababu moyo wako bado hauko kanisani. Mimi nilikalia benchi kama hilo miaka mingi, na sikuwa nachelewa. Nilikuwa nalinda njia ya kwenda choo.

Haya, chekeni, hata mimi siku hizi nacheka. Mchungaji aliponiomba nitoe ushuhuda nilimwambia mapema: ushuhuda wangu ni wa tumbo, kuanzia mwanzo hadi mwisho, na aliye na haya azibe masikio. Nimeona wengi wakifa na haya zao. Mimi haya zangu zilikwisha siku moja pale Kalama, mbele ya wazee wa ukoo, na ndiyo siku nitakayowasimulia.

Jina langu ni Ndunge. Niliolewa Kalama na Mutinda, huyu mnayemwona anatazama viatu vyake kwa sababu anajua ninakoelekea. Nilipoolewa mama yangu mzazi alikuwa ameshakufa, kwa hivyo nilipofika kwa akina Mutinda sikupata mama mkwe, nilipata mama. Nilimwita mwaitu, kama tunavyowaita mama zetu kwa Kikamba. Alikuwa mjane, mwembamba, mwenye kucheka bila sauti, mabega tu yakitikisika. Wakati mwingine nikiwa peke yangu jikoni nakumbuka mabega yale na naacha kazi niliyokuwa nafanya.

Mwaitu alikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa. Asubuhi baridi za mwezi wa saba, ukungu ukiwa bado umelalia matuta ya shamba, ungemsikia akiongea na yule ng'ombe zaidi kuliko alivyoongea na watu. Maziwa aliyatia kwenye kibuyu alichokifukiza kwa kijinga cha moto, yakatoka na ile harufu ya moshi. Ndugu zangu, mimi nimekula katika hoteli tangu hapo, na sijapata kitu chenye harufu ile. Tena alikuwa na desturi ya watu wa zamani, ambayo vijana wetu wameisahau. Hakumpa mtu kinywaji kabla ya kuonja yeye mwenyewe. Anamimina kwenye kata, anapiga funda moja mbele ya macho yako, anafuta ukingo kwa kiganja, halafu anakupa. Anakwambia, "Nimeonja." Basi. Maana yake, kama kuna kitu ndani tutakufa wote wawili. Hivyo ndivyo mtu alivyomkaribisha mwenzake.

Miaka ya kwanza nilikunywa maziwa yale kama ndama. Sikuumwa hata kidogo. Hilo mlikumbuke, maana ndilo lililotuletea maneno baadaye.

Halafu ikaja ile mvua kubwa ya mwishoni mwa miaka ya tisini. Wenye umri wangu mnaikumbuka. Vyoo vilijaa, mto ukapanda, tukawa tunateka maji yaliyokuwa na rangi ya chai. Nikashikwa na kuhara kubaya, kuhara kwa homa na damu, nikabebwa kwa mkokoteni wa punda mpaka barabarani nikapelekwa hospitali. Mungu akanihurumia, nikapona. Nilirudi nyumbani nikiwa mifupa, mwaitu akanilea kama mtoto mchanga. Homa ilikwisha, damu ikakoma. Lakini tumbo lile nililokwenda nalo hospitali halikurudi nami. Nilirudi na lingine.

Sijui niwaeleze vipi. Lilikuwa linajaa upepo mpaka fundo la leso linanikata. Linanyonga upande wa chini, huku kushoto, kama mtu anakamua nguo. Ukienda chooni linatulia, ukikaa kidogo linaanza tena. Wiki moja ninahara, wiki inayofuata siendi kabisa. Na lilikuwa na ujuzi wa kuchagua siku! Siku ya kukaa nyumbani limenyamaza, siku ya harusi, ya mazishi, ya kwaya yetu kuimba, linaamka kabla yangu. Nilikuwa mwimbishaji, ndugu zangu. Nilikuwa naanzisha pambio watu wanasimama wenyewe. Nikaacha kwaya. Nikahamia benchi la mlangoni.

Baadaye Mutinda akapata kazi ya kupakia mawe kwenye machimbo ya kule Lukenya, tukahamia Athi River, chumba kimoja cha mabati. Mimi nikaingia kiwanda kimoja cha nguo huko EPZ, kwenye viwanda vya kuuza ng'ambo, kushona miguu ya suruali. Nilikipenda kile kiwanda, msinielewe vibaya. Tulikuwa wanawake wa kila kabila kwenye laini moja, tunacheka, tunafundishana nyimbo, wasichana wa Sheng wakinisalimia "niaje mathe", yaani mama, na mimi bado sijazaa. Lakini kwenye laini kulikuwa na kadi moja tu ya choo. Ilining'inia kwenye msumari karibu na supavaisa, na mwenzako akiwa nayo wewe unangoja. Ile kadi ilinitesa kuliko ugonjwa. Nikiiona iko msumarini tumbo linatulia. Ikitoka tu, tumbo linasema, sasa ndiyo saa yetu. Nilishona nikiangalia msumari badala ya sindano, na kidole changu hiki kina alama.

Nikatafuta dawa. Ee, nilitafuta! Kliniki ya kwanza ikasema ni taifodi, nikachomwa sindano. Ya pili ikasema ni amiba, nikapewa vidonge vya kuacha ladha ya chuma mdomoni. Nikarudi, taifodi tena. Mwenye duka la dawa akaniambia hivyo ni vidonda vya tumbo na nisilale njaa. Dada mmoja wa maombi akaniambia nifunge. Mwingine akaniletea mizizi ya kuchemsha, chungu hata mbwa hangenusa mara mbili. Kila dawa ilinipa siku chache za matumaini, kisha yule bwana wa tumboni anarudi. Nilianza kufikiri Mungu amenichoka.

Sasa sikieni jambo hili. Athi River tulikunywa chai ya turungi, kwa sababu maziwa hatukuyaweza. Maziwa niliyanywa kwa mwaitu tu, tulipokwenda Kalama kumwona. Na kila nilipotoka Kalama nilirudi nikiwa mahututi. Athi River nilikuwa naumwa, ndiyo, lakini naumwa nikiwa nimesimama. Nikienda Kalama narudi nimejikunja.

Mtu wa kwanza kuliona hilo hakuwa mimi. Alikuwa shangazi yake Mutinda, jina lake Mueni, aliyejenga ng'ambo ya korongo kutoka kwa mwaitu. Shangazi Mueni alikuwa mwanamke wa sauti. Akikuita uko sokoni, wa soko jingine wanageuka. Na alikuwa ananipenda kweli, msimchukie bado. Siku moja alinishika mkono kwenye njia ya kisimani akaniuliza, nikila kwake naumwa? Nikasema siumwi. Nikila kwa dada zangu? Siumwi sana. Basi akakaa kimya, na shangazi Mueni akikaa kimya ujue jambo limeiva.

Maneno yakaanza kutambaa. Ati mbona mke wa Mutinda alikuwa mnene alipoolewa na sasa yuko hivi? Ati mbona hajapata mtoto? Ati zamani alikunywa maziwa ya yule mama bila shida, sasa maziwa yana nini? Wapendwa, mtu wa Ukambani akisikia mtu "amelishwa kitu" hahitaji kuelezwa zaidi. Hapa kwetu mama mzee akiitwa mchawi, hilo si tusi. Hayo ni maisha yake. Anaweza kufukuzwa kwenye boma alimozikwa mume wake, na wengine tumesikia wamefanywa nini.

Mimi nilikuwa kati ya jiwe na jiwe. Nikikataa maziwa ya mwaitu, kijiji chote kitasema, mnaona, hata yeye anaogopa. Kukataa kata iliyoonjwa ni kumwambia mwenyewe kwamba ni muuaji. Na nikiyakubali naumwa, na kuumwa kwangu kunamshtaki. Mdomo wangu ulimtetea, tumbo langu likamtolea ushahidi. Kwa hivyo nilikunywa. Kila nilipokwenda nilikunywa, nikamshukuru, nikaingia kichakani nikalia huko.

Mwishowe shangazi Mueni akalipeleka jambo kwa ukoo. Wakaitwa watu, tukakaa uani kwa mwaitu baada ya ibada, Jumapili. Mkubwa wa wazee alikuwa Kioko, ndugu wa marehemu baba mkwe wangu, mtu wa kuongea polepole mpaka unataka umsaidie. Shangazi akasema yote aliyoyaona, bila kutukana, na hilo ndilo lililoniogopesha. Akataka mwaitu aapishwe kithitu.

Wageni kati yetu hamjui kithitu, na afadhali msijue. Ni kiapo cha zamani cha Wakamba. Wanaamini aliyeapa kwa uongo hufa yeye na nyumba yake. Lakini mwaitu alikuwa Mkristo, mama wa kanisa, aliyefagia kanisa la Kalama tangu lilipokuwa la udongo. Akiapa kithitu anatengwa na kanisa. Akikataa kuapa amekiri kwamba ni mchawi. Niliangalia mabega yake. Siku hiyo hayakutikisika.

Mwaitu hakujitetea. Aliinuka, akaingia jikoni, akatoka na kile kibuyu. Akamimina kwenye kata, akapiga funda moja mbele ya watu wote, akafuta ukingo. Akanijia.

"Nimeonja," akasema. "Kunywa, mwana wakwa. Waone."

Mwana wakwa, yaani mtoto wangu. Ningefanya nini? Nilisimama nikaipokea kata kwa mikono miwili nikanywa yote, nikaigeuza chini watu waone imekwisha. Nikajiambia, Ndunge, leo utakufa kabla ya kwenda kichakani. Leo utakaa kwenye kigoda hiki mpaka wazee waende nyumbani. Nilikuwa tayari kubana mpaka meno yavunjike, ilimradi mama yangu asiaibike.

Ndugu zangu, tumbo halina mapenzi. Mzee Kioko hakuwa amefika katikati ya maneno yake nilipoanza kusikia ngurumo. Nikatokwa na jasho. Nikajikunja. Nikabana, nikabana, nikainuka nikakimbia na leso mkononi, na niwaambie ukweli kwa sababu tuko mbele za Mungu: sikufika. Sikufika! Wazee wa ukoo wakaona nyayo za miguu yangu na mengine ambayo sitayataja. Nyuma yangu nikasikia shangazi Mueni akisema kwa sauti ndogo, ile ambayo hajawahi kuwa nayo, kwamba sasa kila mtu ameona kwa macho yake.

Wakaweka siku ya kithitu. Baada ya mavuno, walisema. Nilimwacha mwaitu amekaa jikoni na kibuyu magotini.

Mutinda ni mtu asiyeongea, lakini tulipopanda gari kurudi aliniambia hatuendi Athi River, tunateremka mjini Machakos, na tutakaa hospitalini mpaka mtu atuambie ukweli. Huko tukamkuta daktari mama mmoja, mtu mzima, miwani imeshuka puani. Akapima choo, akapima damu, akanibonyeza tumbo lote. Hakupata kitu. Nikaanza kulia, maana kwa akili yangu, hospitali isipoona kitu basi shangazi ameshinda.

Yeye hakuniandikia dawa akanifukuza. Akavuta kiti. Akaniuliza vitu ambavyo hakuna mtu alikuwa ameniuliza: ilianza lini, ninakula nini na wapi, choo kikoje, kazini kukoje. Nikamweleza mpaka ile kadi ya msumarini. Kisha nikamweleza kibuyu. Akavua miwani.

"Mama, tumbo lako halina kidonda na hakuna mtu ametia kitu ndani yake," akaniambia. "Lina hasira tu. Na hasira yake ilianza siku ile ya mvua."

Akanifafanulia kwa lugha ya kawaida. Kwamba utumbo husukuma chakula kwa kujikaza na kulegea, na kwamba wa wengine wetu hujikaza ovyo, mara mbio mara kwa uvivu, na mishipa yake ya fahamu inasikia kila kitu kwa ukali. Ndiyo maana upepo kidogo unaniuma kama kisu. Akasema kwa watu wengine huanza hivyo hivyo, baada ya kuhara kubaya. Wadudu wanakufa lakini utumbo unabaki na kisirani. Akasema kichwa na tumbo vinaongea siku nzima, kwa hivyo hofu ya ile kadi ilikuwa inafika tumboni kabla sijainuka. Si uongo wala wazimu, alisema, maumivu ni ya kweli. Na chakula nacho kina sehemu yake, kila mtu na chake: mwingine ni maharagwe, mwingine kabichi, mwingine vitunguu. Halafu akaja kwenye maziwa. Akasema watu wazima wengi sana miili yao huacha kuyamudu maziwa, na ukiongeza tumbo lenye hasira kama langu, kata moja ya maziwa mabichi inatosha kukutoa mbio.

Nikamwuliza, lakini zamani nilikuwa nayanywa?

Akasema maziwa hayajabadilika. Aliyebadilika ni mimi.

Wapendwa, nilishuka kwenye kile kiti nikapiga magoti kwenye saruji ya hospitali. Daktari akadhani naumwa. Nilikuwa naabudu! Miaka yote hiyo nimeombewa mapepo yatoke, nimefunga, nimemwagiwa mafuta, na Mungu alikuwa ameniwekea jibu langu kwa mama mmoja wa miwani mjini, mahali nilipopita kila nilipokwenda Kalama. Sisemi maombi hayafai. Ni maombi yaliyonifikisha kwake.

Akanituma nyumbani na kazi. Niache maziwa kwanza wiki kadhaa nione. Isyo, ule mchanganyiko wetu wa mahindi na maharagwe, niloweke usiku kucha, nimwage maji yale, nile kidogo. Nisikae na njaa siku nzima halafu nijaze tumbo jioni kama gunia. Ninywe maji, nitembee, nile kwa saa zangu. Na nimwambie supavaisa ukweli. Hilo la mwisho ndilo lililonitetemesha, lakini nilimwambia, na kumbe alikuwa na mama mwenye shida kama yangu. Akanihamisha mashine karibu na mlango, na tangu siku hiyo sikuiangalia tena ile kadi. Mavuno yalipokaribia, nilikuwa nimeanza kula na kulala kama mtu. Sikuwa nimepona kabisa, lakini nilikuwa nimesimama.

Lakini mwaitu bado alikuwa anangojewa na kithitu. Ningewaambia nini wazee? Mutinda alisema tuwapelekee daktari mwenyewe. Mimi nikasema wazee wale hawataamini neno la mtu wa mji juu ya jambo walilolinusa kwa pua zao. Walioona kwa macho wataonyeshwa kwa macho.

Siku ikafika. Uani pale pale, watu wamekuja hata wa ng'ambo, maana habari ya kithitu haihitaji tarumbeta. Mwaitu amekaa amevaa kitambaa cheupe cha akina mama wa kanisa. Alikuwa ameamua kukataa kiapo, alikuwa tayari kuitwa vyovyote. Nikaomba ruhusa ya kusema. Nikamgeukia shangazi Mueni mbele ya wote nikamwomba maziwa. Maziwa ya ng'ombe wake yeye, ayakamue mwenyewe, ayalete kwa mkono wake.

Aliniangalia akafurahi! Alifikiri nimeelewa mwishowe, ninataka kuonyesha watu maziwa safi yanavyokaa tumboni. Akavuka korongo, akakamua, akarudi na kikombe cha bati kikiwa bado kinatoa mvuke. Akaonja, kama inavyopasa. Akanipa. Nikanywa yote, nikakigeuza chini.

Halafu tukangoja. Na hapa, ndugu zangu, mimi niliomba ombi ambalo sidhani limewahi kuombwa kanisani. Nilisema, Ee Bwana, uliyenifunga siku zote nilizotaka kufunguliwa, usinifunge leo. Nifungulie, Baba! Niharishe kwa utukufu wako! Kwa maana wiki zile tumbo lilikuwa limetulia, na nikaogopa labda limezoea kutulia. Nilikaa nimetulia kama bibi harusi. Mtoto akapita na mbuzi. Mzee Kioko akakohoa. Shangazi akaanza kutabasamu.

Kisha nikasikia ngurumo. Haleluya! Sijawahi kufurahia ngurumo kama ile hata wakati wa kiangazi. Safari hii nilikuwa nimepima njia, nikafika chooni vizuri kwa heshima zangu zote, lakini kila aliyekuwa uani alisikia. Nilirudi nimeshika tumbo, nimejikunja vilevile, jasho lilelile.

Shangazi Mueni alikuwa amesimama na kikombe chake. Rangi ilikuwa imemtoka. Wapendwa, nilikuwa nimepanga maneno makali ya kumwambia, mimi na ulimi wangu huu mnaujua, lakini nilipomwona vile yaliniishia.

"Ndunge," akasema, "haki ya Mungu, mimi sikuweka kitu."

Mwaitu akajibu kabla yangu. Akajibu polepole, kutoka alipokaa.

"Najua, Mueni. Hata mimi sikuweka."

Hapo ndipo uzito ulipotua. Shangazi aliketi chini kwenye mchanga akalia kama mtoto, na mwaitu akaenda akaketi kando yake. Mzee Kioko, ambaye nilisema huongea polepole, siku hiyo aliongea haraka: akasema ng'ombe wawili hawawezi kuwa wachawi wote, watu waende nyumbani. Mutinda ndipo akawaeleza wazee maneno ya daktari, na wakasikiliza, maana sasa walikuwa na masikio. Mzee mmoja akanivuta kando kuuliza kwa kunong'ona kama tumbo hilo huwashika wanaume pia. Nikamwambia twende mjini kesho.

Ndugu zangu, huo ndio ukombozi wangu. Tumbo lenyewe bado ninalo, nilikuja nalo leo. Nikijisahau nikala kabichi kwenye harusi linanikumbusha. Nikikaa na jambo moyoni linajua kabla ya mume wangu. Lakini haliniendeshi tena, tunaishi pamoja kama wazee waliozoeana. Nilirudi kwenye kwaya. Mungu akatupa mtoto wetu Mutheu, na baadaye mdogo wake. Na wewe unayeumwa, nisikilize mimi niliyekosea njia miaka mingi: usijipe jina la ugonjwa dukani. Nenda upimwe. Ukiona damu, ukikonda bila sababu, ukishikwa na homa, au tumbo likikuamsha usingizini, usingoje Jumapili nikuombee, nenda upesi, hilo si la hasira tu. Na wakikupima wakakuta ni kama langu, usione haya kusema. Na tafadhali, kabla hujasema fulani amekulisha kitu, kumbuka mama mmoja wa Kalama aliyekuwa karibu kupoteza boma lake kwa kosa la kunipenda na kunikaribisha.

Nimalizie na kibuyu. Mara ya kwanza tulipokwenda Kalama baada ya siku ile, mwaitu hakunitolea maziwa. Alikuwa ameosha kile kibuyu kwa maji ya moto na mchanga, siku baada ya siku, mpaka harufu ya maziwa ikatoka ikabaki ya moshi. Ndani alitia uji wa mawele, bila maziwa, mwepesi. Maziwa ya ng'ombe aliyanunulia kibuyu kingine. Kile cha zamani kikawa changu, hakuna mtu mwingine aliyekinywea mpaka mwaitu alipofariki. Akamimina kwenye kata, akaonja, akafuta ukingo kwa kiganja, akanipa, na tumbo langu likanyamaza. Mabega yake yakaanza kutikisika, na yangu pia, tukacheka mpaka uji ukamwagika.

Nina kibuyu hicho nyumbani mpaka leo. Nikikifungua, ule moshi bado upo, na kwa kitambo kidogo ni asubuhi kule Kalama na kuna mtu anaongea na ng'ombe.

Basi, wewe wa benchi la mlangoni, nimesema nakujua. Umechoka, unaona aibu, umeanza kufikiri Mungu amekuchoka. Mimi nimepita hapo, na wema wake sikuusikia kwa watu. Nakukabidhi wema huo kama mwaitu alivyonikabidhi mimi kata ile. Nimeonja. Kunywa.